Hivi hii "Mayday" ya marubani ina undugu wowote na Mei Mosi?

kibanda_nyuma

Wakuu habari za mida hii, msaada tutani. Juzi nilikua kibanda umiza hapa mtaani tunacheki muvi ya ndege, hizi za kutafsiriwa, injini ya kushoto ikashika moto rubani akavuta maiki akaanza "Mayday, Mayday, Mayday", sasa yule jamaa anaetafsiri bila hata kumeza mate akasema "anawaambia wenzake leo Mei Mosi, ofisi zote zimefungwa, kila mtu afe kivyake". Tulicheka mpaka mwenye kibanda akaja kututuliza, ila kuna dogo mmoja wa sekondari pembeni yangu akawa anambishia mwenzake kwamba ni kweli kabisa, eti neno lilitokana na ajali ya tarehe 1 mwezi wa 5 zamani huko Ulaya. Mi sikua na jibu nikanyamaza.

Dikshenari yangu imeandika tu "mwito wa kuomba msaada" basi, haielezi kitu zaidi. Sasa wajuzi nifafanulieni, kama maana yake ni kuomba msaada si waseme tu help watu waelewe, ya nini Mayday? Na kwa nini wanarudia mara tatu tatu kama wanaapa? Alafu je, mtu wa kawaida anaweza kulitumia, mfano nimekwama na gari usiku Mlima Kitonga nikaandika kwenye grupu la familia "Mayday", ntakua nimekosea?

mtumishi_daraja_la_chini

Dogo yuko sahihi bana. Kila Mei Mosi wafanyakazi tunapiga Mayday ya mishahara tunaambiwa ujumbe umepokelewa, unafanyiwa kazi 😂

buja_kwa_ziwa

Amahoro wandugu. Undugu haupo hata kidogo, ni sauti tu zimegongana. Mei Mosi ni siku ya wafanyakazi, ile ilitoka kwenye mambo ya Chicago 1886 watu wakidai kazi iwe masaa nane, na kwa Kiingereza inaandikwa maneno mawili, May Day. Hii ya rubani ni neno moja, Mayday, na asili yake si Kiingereza, ni Kifaransa. Sisi huku tuliosoma kwa Kifaransa tukisikia tu tunajua, m'aidez, unatamka kama "mede", maana yake inakaribia nisaidieni. Waingereza wamelichukua kwa sikio, wakaliandika kwa silabi wanazozijua wao.

Ila kuna jambo linanichekesha toka nikiwa shule. Mfaransa mwenyewe akiwa anazama hawezi kupiga kelele m'aidez! Atasema aidez-moi, kwa sababu kwenye kuamrisha ile "mimi" inakaa nyuma ya kitenzi. M'aidez iko kama kipande cha sentensi kilichokatika, "mnanisaidia", sasa mnanisaidia nini na lini haieleweki. Ndio maana wengine wanasema mzizi wake ni m'aider, kutoka kwa venez m'aider, njooni mnisaidie, na hiyo m'aider unaitamka vilevile kabisa na m'aidez, sikio halitofautishi. Mimi nakubali hiyo ya pili, ina mantiki zaidi, lakini vitabu vingi utakuta vimeandika ya kwanza.

marconi_wa_tanga

Ndugu wa Bujumbura kaeleza vizuri sana. Mimi naongezea upande wa redio maana nimekula mkate wa hiyo kazi melini miaka mingi kabla sijashuka nchi kavu, mtanivumilia nikirefusha.

Kabla ya Mayday kulikua na mos kodi, dot na deshi. Kampuni ya Marconi 1904 ilianza kutumia herufi CQD, ukipiga hizo kila mtu wa redio anajua kuna meli iko taabani. Alafu mkutano wa Berlin wa 1906 ukachagua SOS, ikaanza kazi rasmi tarehe 1 Julai 1908, lakini mazoea yana tabu, mpaka Titanic inazama Aprili 1912 yule mtu wa redio Jack Phillips alianza na CQD ndo baadae akachanganya na SOS. Sasa zote hizo zilikua za kugonga kwa mkono sio za kusema. Ndege zilipoanza kubeba redio za kuongea kwa mdomo, miaka ya 1920, ikaonekana SOS haifai, kwa sababu ukitamka "es" kwenye redio yenye mikwaruzo mwenzio anaweza kusikia "ef" au asisikie kitu kabisa.

Wakati huo uwanja wa ndege wa London ulikua Croydon, na afisa mkuu wa redio pale alikua anaitwa Frederick Stanley Mockford. Aliambiwa atafute neno moja ambalo rubani na watu wa chini wote watalielewa haraka mambo yakiharibika. Na ndege nyingi za pale zilikua zinaenda na kurudi Le Bourget, Paris, kwa iyo akachukua neno ambalo Mfaransa atalisikia kama la kwao na Muingereza atalitamka bila kujing'ata ulimi. Hapo ni 1923 hivi. Mwaka 1927 mkutano wa kimataifa wa redio Washington ukaliweka rasmi, kwamba kwa sauti sema Mayday, kwa mos piga SOS. Mayday ipo mpaka leo, ile ya mos melini ilistaafishwa 1999.

Kwa nini mara tatu, hili watu wengi hawalijui. Moja ni kelele, ukisema mara moja redio ikakwaruza limeshapotea. Lakini kubwa zaidi ni kutofautisha anaepiga mayday na anaezungumzia mayday. Mfano mi nahodha naongea na bandari nasema "tumesikia mayday ya boti fulani", ukikatia hapo katikati mtu wa pembeni anaweza kudhani mimi ndo nazama. Ukisikia mara tatu mfululizo basi huyo ni mwenye tatizo mwenyewe.

kibanda_nyuma

Aisee hili ndo jukwaa. Mzee marconi shkamoo. Sasa bado swali la help, kwani mtu akipiga kelele help help kwenye redio hawamsaidii? Maana mi naona kama ni madoido tu ya wataalam, neno lenyewe hata Mfaransa halisemi vizuri kama alivosema mkuu wa Buja.

marconi_wa_tanga

Marahaba kijana. Watamsaidia, hakuna baharia atakaekuacha kwa sababu umekosea neno. Ila tofauti ni hii, help ni neno la kila siku, mtu anasema help kwa kubeba begi, help kwa kufungua mlango, redioni unalisikia kutwa nzima, "naomba nisaidie kubadili chaneli", "nisaidie hali ya hewa". Mayday halina kazi nyingine duniani. Likitajwa tu, linawasha sheria. Nahodha yeyote anaelisikia na ana uwezo wa kufika anawajibika kwenda, ipo kwenye mkataba wa usalama wa maisha baharini unaoitwa SOLAS na ipo pia kwenye sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa, ibara ya 98. Sio hiari, sio roho nzuri. Meli ya makontena inayodaiwa kufika bandarini saa kumi inageuza, mwenye mzigo atalalamika baadae.

Na chaneli nzima inanyamaza. Kuna amri kabisa inatolewa, inatamkwa kwa Kifaransa hicho hicho, "silons mede", inaandikwa Seelonce Mayday, ukiisikia hio funga mdomo kama humo kwenye shughuli. Ikiisha wanasema "silons fini" ndo watu wanarudi kwenye habari zao.

anga_tu

Naomba niingie hapo kwenye help vs Mayday maana upande wa ndege kuna kisa kizito kinafundishwa mpaka kesho, na ni kisa cha neno tupu.

Usiku wa tarehe 25 Januari 1990, Avianca namba 52, Boeing 707 imetoka Bogotá ikapitia Medellín inaenda New York uwanja wa JFK. Hali ya hewa mbaya, foleni ya ndege ndefu, ikawekwa izunguke angani, ikazunguka tena na tena jumla zaidi ya saa nzima. Mafuta yanaisha. Rubani msaidizi ndo alikua anaongea Kiingereza na waongoza ndege, akawaambia wanahitaji kipaumbele, priority, alafu baadae akasema "tunaishiwa mafuta". Kapteni anamuuliza kwa Kihispania umewaambia tuko kwenye dharura? anajibu ndio nimewaambia. Lakini hakuwaambia! Alisema tunaishiwa mafuta, na kwa mtu wa mnara usiku ule wenye ndege kibao kila mmoja mafuta yanapungua, ndo kazi ya mafuta hio. Neno Mayday halikutoka, neno emergency halikutoka. Wakajaribu kutua mara ya kwanza wakashindwa, wakapandisha, wakawa wanarudishwa kwenye mzunguko kwa ustaarabu kabisa, "hio itakua sawa kwenu na mafuta yenu?", jibu "nadhani hivyo, asante sana". Hapo injini zilikua zinakaribia kuzima moja baada ya nyingine. Ikaanguka Cove Neck, Long Island. Watu 158 ndani, 73 wakafa. Na haikuwaka moto, maana hakukua na tone la mafuta la kuwaka.

Nikisoma hile "asante sana" huwa nasisimka. Jamaa alikua mpole mpaka mwisho. Sisi wenyewe ndo tulivyo, mtu ana shida ya kufa atakuanza na samahani, sijui niko kwenye wakati mbaya, nilikua na kashida kadogo. Kwenye redio kashida kadogo ni kashida kadogo kweli, utasubiri foleni.

mama_wawili_arusha

@anga_tu jamani hio stori 💔 sasa wale wa mnara hawakushtakiwa? Mtu anasema mafuta yanaisha unataka akwambie nini tena?

anga_tu

Dada lawama zilikua nyingi. Wachunguzi wa Marekani walisema chanzo ni wale marubani kutosimamia mafuta yao na kutotangaza dharura kabla hayajaisha, ila wakasema pia mpangilio wa foleni ya ndege ulichangia na vilevile kukosekana kwa maneno ya kudumu yanayoeleweka sawa kwa wote kuhusu mafuta. Hapo ndo penyewe. Siku hizi kanuni za kimataifa za anga zimenyoosha: ukisema minimum fuel unawajulisha tu kwamba huna nafasi ya kucheleweshwa zaidi, hio bado sio dharura. Ukiona utatua ukiwa umeshakula ile akiba ya mwisho, kwa jeti ni dakika 30 za kuruka, unatakiwa useme "Mayday Mayday Mayday fuel". Hakuna tena mambo ya kipaumbele sijui tunaomba mtufikirie.

Rubani pia anaweza kuweka namba 7700 kwenye transponda, kile kifaa cha ndege kinachojibu rada, ile ndege inaanza kumulika tofauti kwenye skrini ya mnara hata kama hajapata muda wa kuongea. Na wengi wanadhani lazima uhamie 121.5 ambayo ndo frikwensi ya dharura, hapana, unaanza na hio hio unayoongea nao, wanakujua tayari.

msomi_wa_ubungo

Kuna mtu hajasema SOS kirefu chake ni Save Our Souls, na Mayday ilichukua nafasi yake kwa sababu za kidini. Fanyeni utafiti.

marconi_wa_tanga

Mkuu hapana. SOS haina kirefu. Ilichaguliwa kwa ajili ya mlio wake, dot tatu deshi tatu dot tatu bila kupumzika katikati, hata mtu kasinzia kwenye hedfoni anashtuka. Save Our Souls watu waliibandika baadae ili waikumbuke. Hata CQD kuna watu wanasema ni Come Quick Danger, si kweli, CQ ilikua ni kuita vituo vyote na D ni hatari. Ya kidini sijawahi kuisikia kokote.

msomi_wa_ubungo

Sawa mzee, tusipigane.

shimoni_wa_pwani

Mimi niko huku Kenya, Shimoni. Maneno yenu matamu lakini mwanzungumza mambo ya meli na ndege. Huku kwetu mvuvi ana mashua, ana kijana wa kupiga maji nje, na simu imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Kusi ikichafuka, mashine ikizima, hio Mayday ataipigia kwa nini? Hana redio. Anampigia nduguye, nduguye hashiki, ampigia mkewe, mke naye apiga kamsa mtaa mzima wajua lakini hakuna boti ya kwenda. Niambieni hilo neno lamsaidia vipi mtu wangu.

marconi_wa_tanga

Ndugu yangu swali lako ndo kubwa kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Bila redio neno halina maana, umesema kweli.

Simu ina ubaya wa aina mbili. Mtandao unakatika ukishatoka mbali kidogo na minara, hilo mnalijua nyinyi kuliko mimi. La pili watu hawalifikirii, simu inaenda kwa mtu mmoja. Ukimpigia nduguyo, boti iliyoko nusu maili kutoka kwako haijui kitu, itapita hapo nyuma ya wimbi inaenda zake. Redio ya baharini ya VHF kwenye chaneli 16, ndo ile ya kuitana na ya dharura, inasikika na wote walio karibu kwa mara moja, meli za mizigo, feri, boti za watalii wa kupiga mbizi, jeshi la maji. Zile meli kubwa zinazoingia Mombasa na Dar zinatakiwa ziwe na sikio kwenye 16. Kuna redio ndogo za mkononi za VHF zisizoingia maji, za wati 5 hivi, sio sawa na ya melini ya wati 25 lakini ukiwa unaiona meli kwa macho basi kwa kawaida na yenyewe inakusikia. Vikundi vya wavuvi vikichanga hata moja kwa mashua tatu nne zinazokwenda pamoja ni tofauti ya maisha. Muulize tu mamlaka ya mawasiliano kuhusu leseni kabla hujanunua.

Na Mombasa kuna kituo cha uratibu wa uokoaji baharini, Dar pia kipo. Hao ndo wanaopokea wakapanga nani aende. Lakini mara nyingi anaekufikia wa kwanza ni mvuvi mwenzio au meli iliyokua inapita, kituo kinaratibu tu.

Kingine, kuna kitu kinaitwa mayday relay. Wewe uko nchi kavu una redio, au uko kwenye boti nzima, umeona mwenzio anazama na hana redio. Unaruhusiwa kumpigia yeye. Unasema "Mayday Relay" mara tatu, unajitaja wewe ni nani, alafu unaeleza unachokiona na mahali. Usijifanye wewe ndo unazama, watakuja kwako wamuache yeye.

shimoni_wa_pwani

Hio ya relay sikuijua wallahi. Sasa hebu tupe maneno yenyewe, mtu aseme nini hasa? Kama wafundisha mtoto.

marconi_wa_tanga

Sawa. Redio iko 16, umeme wa redio uko juu sio ule wa chini wa wati 1. Bonyeza kitufe cha pembeni, ongea taratibu:

"Mayday, Mayday, Mayday. Hapa ni boti Nia Njema, Nia Njema, Nia Njema. Mayday Nia Njema. Niko maili nne mashariki ya mnara wa taa wa ... (taja jina, au soma namba za jipiesi). Tunaingiza maji, mashine imezima. Tunahitaji msaada wa haraka. Watu saba ndani, wawili watoto. Tuna makoti ya kuokolea matano. Ovaa."

Hapo kwenye "ovaa" ACHIA KITUFE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu. Mtu mwenye hofu anakishika kitufe kile kama kamba, anaendelea kukishika huku analia, na wakati umekishika husikii kitu na hakuna anaeweza kukujibu, na wengine wote kwenye chaneli wanasikia maji yanavyoingia kwenye boti yako basi. Achia, subiri, sikiliza. Kimya, rudia.

Mahali ulipo iseme mapema kabla ya kueleza mashine ilianzaje kuleta shida toka juzi. Redio ikizima baada ya sentensi mbili bora wajue uko wapi wasijue una nini, kuliko wajue una nini wasijue uko wapi. Na idadi ya watu ni muhimu kuliko mnavyodhani, wakishaokoa saba wanajua waache kutafuta, usipowaambia watalala huko wakitafuta au wataondoka na mtu bado yuko majini.

Mayday yenyewe usiitafsiri. Mengine yote sema kwa lugha unayoweza, Kiswahili sawa, Kimvita sawa. Meli ya Mfilipino haitaelewa "tunaingiza maji" lakini itaelewa kwamba kuna mtu anakufa na itaita kituo.

buja_kwa_ziwa

Mzee marconi umesahau pan-pan! Na hiyo nayo ni yetu ya Kifaransa, panne. Huku gari ikiharibika barabarani tunasema ina pane. Sasa ukisikia pan-pan mara tatu ni mtu anaesema nimeharibikiwa, nina tatizo la haraka lakini sijafika kufa. Mashine imezima lakini bahari imetulia na nanga imeshika, hiyo ni pan-pan. Upepo ukikusukuma kwenye miamba ndio inageuka Mayday. Ya tatu ni sécurité, hiyo ni matangazo ya hatari tu, gogo linaelea, dhoruba inakuja, taa ya mnara imezimika.

Kwa iyo ndugu kibanda_nyuma, kukwama kwako Kitonga ni pan-pan 😄

kibanda_nyuma

Hahaha inategemea na majambazi wa kuziba njia kwa mawe wamejificha wapi mkuu

mwl_sarufi

Naona upande wa matumizi ya lugha haujajibiwa sawasawa, acha nijaribu, mi nafundisha Kiingereza.

Mayday ni nomino na pia ni neno la kupaza sauti. Waingereza wanasema "they sent out a mayday", "a mayday call", wingi "maydays". Sio kitenzi kwa hio huwezi kuandika "please mayday me", hapo tumia help au assist. Ukilitumia kwa meli au ndege liwe la kweli. Ukilitumia kwenye grupu la familia kwa utani mtoto kamwaga uji kwenye laptop hakuna kosa, watu wanafanya hivyo kila siku. Na kuna sehemu limetoka baharini na angani likaingia kazi nyingine, wazimamoto wa Marekani akinaswa mmoja wao ndani ya jengo linaloungua anasema Mayday kwenye redio kol yake na wenzake wote wanaacha kuongea, utaratibu ule ule aliosema mzee. Kwetu barabarani au nyumbani usipoteze muda na Mayday, piga 112, au zimamoto 114 kwa Tanzania, Kenya 999.

Kosa la kweli ni kulisema redioni bila shida. Marekani mayday ya uongo ni jela mpaka miaka 6, na unalipishwa gharama za helikopta na boti zilizotoka. Sio mahali pa kufanyia masihara.

Sasa kwenye kutafsiri muvi, ushauri wangu liachwe kama lilivyo. Rubani aseme "Mayday, Mayday, Mayday, injini ya kushoto inawaka", mtazamaji atajua tu.

mama_wawili_arusha

Mwalimu mi napinga kidogo. Bibi yangu akiangalia hajui Mayday, atadhani ni jina la mtu anaitwa. Kwa nini isiwe "Tunakufa jamani"? Au "hatari, hatari, hatari"?

mwl_sarufi

Hatari hatari hatari naikubali kwa bibi, ina mdundo wa tatu pia. "Tunakufa jamani" hapana, rubani anaepiga Mayday anaomba aokolewe, hajakata tamaa, na mara nyingi sauti yake imetulia kuliko ya muongoza ndege. Waigizaji ndo wanaopiga kelele. Ukisikiliza rekodi za kweli utashangaa, utadhani mtu anaagiza chai.

mtumishi_daraja_la_chini

Kwa hio yule mtafsiri wa kibandani afanyweje

kibanda_nyuma

Aachwe, bila yeye mi nisingejua yote haya. Dogo wa sekondari ndo nishamtumia linki, kasoma mpaka kwa Avianca akanyamaza.

Swali la mwisho nawaacha, mzee marconi. Kuna shemeji yangu anafanya kazi boti ya watalii Nungwi, ananiambia redio yao ina kitufe chekundu kina kifuniko na wameambiwa wasikiguse kabisa. Ndo hio Mayday? Na ikitokea mtoto wa mtalii kakibonyeza?

marconi_wa_tanga

Ndio hio, hio ni DSC, yaani redio inatuma mwito wa dharura kidijitali bila wewe kuongea. Unafunua kifuniko, unashikilia kama sekunde 5 mpaka ilie, inatuma yenyewe kwenye chaneli 70 jina la redio yako kwa namba na mahali ulipo kama imeunganishwa na jipiesi, na redio za wenye mtambo huo walioko karibu zinalia kengele. Alafu unatakiwa ufuatie na sauti kwenye 16 kama nilivyoandika juu. Waliomwambia wasikiguse kabisa wamemwambia nusu, wangemwambia asikiguse kama hakuna shida, na akiguse bila kuuliza mtu kama ipo. Hata mpishi wa boti ajue.

Mtoto akibonyeza kwa bahati mbaya kosa kubwa watu wanalofanya ni kuzima redio na kujifanya hawakuwepo. Hapo ndo unazua balaa, maana sasa kengele imelia, boti imepotea hewani, kwa walioko nje hio ni dalili kamili ya boti iliyozama, na watatoka kuitafuta. Wasikimbie. Wakomeshe kwenye redio yenyewe, nyingi zina sehemu ya kufuta kwenye menyu, alafu waende 16 waseme vituo vyote, hapa ni boti fulani, namba yetu ya redio ni hii, tuko mahali hapa, tumefuta tahadhari yetu ya saa fulani, imetumwa kwa makosa. Wabaki kwenye chaneli wasikie kama kituo kina swali. Hakuna atakaewafunga kwa hilo. Mwambie shemeji yako amuombe kapteni amuoneshe hio menyu kesho wakiwa wamefunga gatini, asisubiri siku mtoto kashabonyeza.